Mguu Uliopakwa Kijani

Aliyetaka kujua tatuu inauma wapi hakuwa na haja ya kumuuliza Wino. Aliangalia ukuta tu. Kule nyuma ya pazia la saluni, juu ya kiti cha kulaza wateja, kulikuwa na picha ya mwanamke mzima mzima, mbele na nyuma, mikono wazi kama anayepekuliwa mlangoni, na mwili wote umepakwa rangi. Kijani ni sehemu za kupiga soga. Njano, sehemu za kuuma meno. Nyekundu, sehemu za kumwita mama mzazi. Na huyo mwanamke hakuokotwa kwenye mtandao, jamani. Alikuwa Dada mwenyewe. Kitambi chake, makalio yake, hata lile bega moja lililoshuka kwa kusuka vichwa vya watu mchana kutwa.

"Yaani hukuweza hata kunipunguza kiuno?" Dada alilalamika mpaka akachoka. "Kila anayeingia humu ananiona nilivyo, wewe mtoto!"

"Ramani haidanganyi, Dada."

"Ramani ya nchi gani yenye matako hivyo?"

Saluni ilikuwa ya Dada. Mbele vioo, masinki na mashine za kukaushia nywele. Nyuma, palipokuwa stoo ya madumu, ndipo alipokaa Wino na sindano zake. Jina la Wino alipewa na wateja kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata. Siku alipomaliza chuo cha sanaa akatangaza kwamba hatafundisha wala hatachora mabango, atachora watu, ukoo mzima ulishika kichwa. Dada peke yake ndiye aliyeuliza la maana: "Sasa utajifunzia kwa nani?"

Kwenye kazi ile kila anayeanza lazima ampate mtu wa kumharibu. Ngozi bandia ipo, lakini ngozi bandia haitoki jasho, haishtuki, haikwambii hapo umezidisha. Dada akavuta stuli, akakunja mkono wa gauni. "Anza hapa. Ukiniharibu nitavaa mikono mirefu."

Ndivyo Dada alivyogeuka daftari la mazoezi la mdogo wake, na ndivyo ramani ilivyozaliwa, maana Dada hakuwa mtu wa kuumia kimyakimya. Bega, alisema, ni kama kusukwa na mtu mwenye haraka: unavumilia. Kijani. Paja la nje alikula karanga mwanzo mpaka mwisho. Kijani. Ndani ya kiwiko: "Chanuo la moto limekugusa sikio, halafu msusi anakwambia pole bila kulitoa." Nyekundu. Kwenye ugoko ilikuwa kama kugonga stuli gizani, kisha stuli yenyewe ikufuate na kukugonga tena. Nyekundu. Maumivu ya kisogo yalisikika kwenye meno, hakuna aliyejua kwa nini. Njano. Na mbavu, weee! Siku ya mbavu Dada alimwita marehemu mama yao kwa sauti, "Mama, njoo umchukue mwanao, ananitoboa mapafu!" na wateja waliokuwa chini ya mashine za kukaushia wakatoka mbio hadi barabarani na roli zao kichwani.

Sehemu moja tu ilibaki nyeupe. Juu ya mguu, pale zinapokaa kamba za viatu. Wachoraji wote wa mji ule walisema pale ni moto, ngozi imelala juu ya mfupa, hakuna hata kinyama cha kukinga. Dada alikuwa amekataa katakata. "Miguu yangu ndiyo inayonisimamisha kazini. Mguu utauacha."

Lakini Wino alitaka ramani yake iishe. Akabembeleza, akanuna, akabembeleza tena, mpaka mchana mmoja wa mvua, saluni haina mtu, Dada akavua kiatu chake cha wazi na kujilaza kwenye kiti.

"Haya. Nichoree msuko. Wa mashada matatu, uzunguke kifundo, ushuke mpaka hapa kwenye vidole. Nimesuka watu maisha yangu yote, na mimi nisukwe mguu."

Alikuwa na chupa kubwa ya maji ubavuni, maana siku hizo alikunywa maji kama gari bovu. Gauni lilimpwaya. "Umeona nilivyopungua? Bila kukimbia, bila kujinyima. Wenzangu wananionea wivu mpaka basi."

Wino akawasha mashine, akagusa. Akangoja kelele.

Dada akaendelea na habari ya mteja wake mmoja aliyeachwa na mume kisha akataka kunyolewa upara, na alipokwisha kunyolewa mume akarudi, na sasa anazitaka nywele zake zirudi na zenyewe. Alisimulia, akacheka, akaimba kidogo. Akaomba kwenda chooni, akarudi, akaomba tena. Sindano ilipita juu ya kila mfupa mwembamba wa mguu ule na Dada hata kidole hakukikunja.

"Dada, hakuumi?"

"Wapi? Umeshaanza?"

Wino alicheka mpaka mashine ikamtikisika mkononi. Hebu fikiria: sehemu inayowaliza wanaume wenye vifua kama makabati, na Dada yake, yule yule aliyefukuza wateja kwa kelele za mbavu, anauliza kama kazi imeanza! Kulikuwa na sababu moja tu, na Wino aliipenda tangu sekunde ya kwanza. Mkono wake umekuwa mwepesi. Ameiva.

"Mkono wako umekuwa kama pamba, mdogo wangu," Dada akasema, akigeuza mguu huku na huku mbele ya kioo. "Ningejua ningeanza na mguu."

Wino alikuwa amelisubiri neno lile tangu siku ya stuli. Alipanda juu ya kiti na brashi, akaupaka mguu wa ukutani rangi ya kijani. Aliupaka vizuri, bila kuvuka mstari. Kisha akapiga picha, akaitupa mtandaoni: mguu hauumi tena, njooni kwa Wino.

Wakaja. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mdogo mwenye sauti kubwa, aliyetaka vipepeo juu ya mguu. Akaiangalia ramani, akaona kijani, akajilaza kwa raha zake. Sindano ilipomgusa alitoa ukelele mmoja, mguu ukaruka wenyewe na kupiga trei ya wino ikamwagika mpaka kwenye pazia.

"Umesema haiumi!"

"Tulia, mwalimu, ni uoga tu. Dada yangu aliimba."

"Basi mchore dada yako!"

Aliondoka na nusu kipepeo. Wino alipangusa sakafu huku akimsema. Eti anawaambia watoto wa watu wasilie sindano ya chanjo, na yeye je? Dada, kule mbele, alicheka mpaka akakohoa. "Watu wamelegea siku hizi," alisema. Wino akaamini.

Wa pili alikuwa Baunsa, mlinzi wa mlango wa ukumbi wa muziki, ambaye Wino alikuwa amemchora mbavu za pande zote mbili bila kusikia hata pumzi. Baunsa alitaka jina la mwanawe juu ya mguu. Ilipofika herufi ya pili alikuwa ameng'ata taulo. Herufi ya tatu, machozi yalikuwa yanamtoka mzee mzima, yanateleza mpaka masikioni, na hakuyafuta.

"Wino," alisema taratibu, kama anayemwonea aibu. "Nani alikwambia hapa ni kijani?"

"Dada yangu."

"Hapana. Hapa mtu hawezi kuimba. Labda kama mguu si wake."

Alisema kama utani. Lakini Wino alizima mashine. Mkono wake ulikuwa ule ule, sindano zile zile, mgandamizo ule ule. Alimwangalia Baunsa anavyotoka jasho, kisha akaiangalia ramani. Kwa mara ya kwanza alijiuliza kwa nini Dada, na joto lote lile, alikuwa amevaa soksi na viatu vya kufunika tangu mvua zilipokatika.

Alimwomba Baunsa radhi, akatoka na glavu zake mkononi. Dada alikuwa amesimama nyuma ya kichwa cha mteja, anasuka.

"Vua kiatu, Dada."

"Nina kazi mkononi, huoni?"

"Naomba uvue kiatu."

Kuna namna mdogo wa mtu anavyosema kitu mpaka mkubwa anaacha kubisha. Dada akamwomba mteja samahani, akakaa, akavua. Harufu ndiyo iliyotangulia. Soksi ilikuwa imegandia, na kabla Wino hajasema ngoja tuilowanishe, Dada aliivuta tu, fyaa, kama mtu anayemenya ndizi, huku anamwambia mteja akirudi kesho atammalizia. Ngozi ikaja na soksi. Sehemu kubwa ya msuko wa mashada matatu ilikuwa imefunguka, na katikati palikuwa na shimo jekundu lenye kingo nyeusi, na Dada alikuwa bado anaongea.

Akaiona sura ya Wino, ndipo alipoinama kuangalia.

"Ilikuwa ndogo," alisema. "Nilikuwa naipaka dawa. Nilijua itakauka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia. Ungesema umeniharibu." Akajaribu kutabasamu. "Na wateja wako ndio kwanza wanaanza kuja."

Hospitalini daktari, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimtoboa Dada kidole, akaangalia kipimo, akamtoboa kidole kingine kana kwamba hakukiamini cha kwanza. Kisukari. Tena si cha jana. Maji yale yote, chooni kule kote, kile kiuno alichoonewa wivu, vyote daktari alivitaja kimoja kimoja kabla hajaambiwa, na Dada aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Na kidonda kilianzaje?"

"Viatu, daktari," Dada alijibu haraka. "Vilinibana."

"Viliuma?"

"Sana! Nilishindwa hata kutembea."

Wino alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani. Alifungua mdomo, na Dada akamtupia jicho. Lile jicho la tangu utotoni, la mbele za wageni: nyamaza, mambo haya ya wakubwa. Akaufunga.

Daktari akatoa kijiti chenye kiuzi cha plastiki kwenye ncha, kigumu kama unywele wa brashi. Akamwambia Dada afumbe macho, na kila akisikia kitu kimemgusa mguuni, aseme ndiyo. Akagusa kidole gumba. Kimya. Akagusa unyayo, akagusa kisigino. Kimya. Dada alikunja uso, anasikiliza kwa nguvu zake zote, mikono imeshika ukingo wa kitanda.

"Ndiyo!" akasema ghafla. "Hapo. Nimesikia."

Daktari alikuwa ameinua kiuzi hewani.

"Ndiyo," Dada akasema tena, macho yamefumbwa kabisa, sauti ya mwanafunzi anayetaka kupita. "Na hapo. Hapo panauma hasa."

Wino hakuweza kunyamaza. "Dada, hajakugusa."

Macho yakafumbuka. Wino akasema yote bila kupumua, maana angepumua angeacha. Kwamba si viatu. Kwamba ni sindano yake. Kwamba alimchora pale pale, sehemu inayoliza watu kuliko zote, na Dada aliimba. Kwamba yeye Wino aliliona hilo. Hapana mtu duniani aliyejua kelele za Dada kuliko yeye, alizipaka rangi ukutani moja moja, na siku kelele zilipokosekana alidhani amesifiwa.

"Nikapaka kijani," alisema. "Daktari, nilipaka kijani."

Daktari hakujua kijani ni nini, lakini hakumkatiza. Aliuliza tu ilikuwa lini. Wino akamwambia, ile mvua kubwa. Daktari akaishika miwani yake kifuani.

"Tungekuja siku ile ile?" Wino aliuliza.

Kuna maswali mtu anauliza akiomba adanganywe. Daktari yule hakuwa mdanganyifu, na hakuwa mkali pia.

"Siku ile tungekuwa tunazungumza habari ya sukari tu," alisema.

Uozo ulikuwa umeingia kwenye mfupa. Walijaribu dawa za kwenye mshipa, walijaribu kusafisha, na kila asubuhi weusi ulikuwa umepanda kidogo. Kisha daktari akaja na mwenzake, wakasimama kila mmoja upande wake wa kitanda, na Wino alijua kabla hawajasema. Mguu utakatwa, chini ya goti.

Walipotoka Dada alimgeukia Wino, na alikuwa amekasirika, kweli kabisa.

"Nani alikutuma useme?"

"Dada..."

"Nilikwishasema viatu! Viatu, yakaisha! Sasa utasikia watu, Wino alimchora dada yake, dada akakatwa mguu. Nani atakaa tena kwenye kile kiti chako? Nilikupa mwili wangu wote ili ujue kazi, na wewe umekwenda kuiua kwa mdomo wako mwenyewe."

"Sitaki kazi. Nataka mguu wako."

"Mimi je, siutaki?" Sauti ilimkatika. "Mimi nasuka kwa kusimama. Umewahi kuona msusi wa kukaa? Mteja utamwinamisha mpaka magotini?" Akajaribu kucheka na kicheko chenyewe kikageuka kilio njiani. "Nitazunguka vichwa vya watu vipi mimi?"

Wino alipanda kitandani, akajibanza ubavuni kama enzi walizolala kitanda kimoja. Dada hakumsukuma. Hakumkumbatia pia. Baadaye, sauti ikiwa imeshuka, alisema, "Hukunidhuru wewe. Sikusikia kitu. Ni kweli sikusikia."

"Ndiyo maana ningepaswa kujua," Wino alisema.

Asubuhi ya siku yenyewe, kabla hajapelekwa, Dada aliomba bandeji ifunguliwe auangalie mguu. Muuguzi alisita, kisha akafungua. Upande mmoja wa kifundo kipande cha msuko kilikuwa bado kizima, mashada matatu yamepishana sawasawa, hata zile nywele ndogo za kutoroka Wino alikuwa amezichora.

"Ulikuwa msuko mzuri," Dada alisema. "Nimesuka watu miaka yote hii na sijawahi kupata mstari kama huo." Akamwambia muuguzi afunge.

Wakaenda naye. Wino alibaki ameshika kiatu cha mguu ule.

Mchana Dada alirudishwa, amelala, midomo imekauka. Shuka lilipanda juu ya paja, likapanda juu ya goti, halafu likaanguka. Wino alijilazimisha kuangalia pale lilipoanguka, akaangalia mpaka macho yakazoea, au hayakuzoea ila yalichoka. Wageni wa vitanda vingine walipita na vyombo vya chakula, wakapunguza sauti.

Dada alipoamka aliomba maji, akalowanishwa midomo. Akaangalia dari. Kisha uso wake ulibadilika, taratibu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali.

"Wino. Mguu unaniuma."

"Ni pale walipokata, Dada. Nimwite muuguzi?"

"Si walipokata. Chini. Juu ya mguu." Alipumua kwa kifua chote. "Pale kwenye kamba za viatu."

Wino alisimama.

"Inachoma," Dada alisema, macho yamemtoka kwa mshangao. "Inapita mstari kwa mstari. Jamani, inachoma! Ndivyo inavyouma? Ndivyo inavyowauma watu?" Machozi yakaanza kumtoka, yale ya mbavu, ya kelele, lakini kelele hakuwa na nguvu nazo. "Mwambie huyo anayechora aache. Wino, mwambie aache."

Muuguzi alikuja, akasikiliza, akasema hutokea. Mguu unaondoka, mwili unakuwa haujaambiwa. Akaongeza dawa kwenye mshipa. Wino akamfuata mpaka mlangoni, akamuuliza inauma mpaka lini, na muuguzi akasema wengine siku chache, wengine miaka, hakuna anayejua. Akaenda kwenye kitanda kingine.

Wino alirudi, akapiga magoti chini, kwenye mwisho wa kitanda.

"Nionyeshe wapi."

"Hapo."

Aliweka kiganja juu ya shuka tambarare. "Hapa?"

"Shuka kidogo. Upande wa kidole kidogo. Hapo. Hapo hapo."

Akaushikilia mkono pale, juu ya godoro, akagandamiza kama anavyogandamiza taulo kwa mteja aliyezidiwa. Dada alikuwa analia. Wino hakujua kama inasaidia na hakuthubutu kuuliza. Kila mkono ulipokufa ganzi aliubadilisha na wa pili, haraka, ili pasibaki wazi.